Wegesa na Fundi wa Majalada

Upepo wa Tarime haukujali kwamba Wegesa alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu. Siku ya mnada, mwaka 1975, ulimpokonya karatasi za tasnifu yake zikatawanyika juu ya mafungu ya dagaa. Akazikimbilia, gauni lake la maua likipepea, akifoka kwa Kikurya.

Kijana mmoja mrefu, suruali ya bugaluu, akaikanyaga karatasi ya mwisho kwa kiatu chake cha raizoni, soli nene kama tofali.

"Wewe! Hiyo ni sura ya tatu!"

"Nimeikamata, dada, sikuikanyaga."

"Na tope hili?"

"Muhuri wangu. Naitwa Maftah, fundi wa kujalidi vitabu. Huo ukurasa nitaupigisha taipu upya."

Wegesa akacheka bila kupenda. Fundi huyohuyo ndiye aliyekuwa akimtafuta. Kazi yake, juu ya kilimo cha akina mama katika vijiji vya ujamaa, ilibaki kushonwa na kutiwa jalada tu, kisha aiwahishe Dar es Salaam. Akichelewa, shahada ingemsubiri mwaka mzima.

Alikaa mjini kwa dada yake siku chache, na hakuna siku aliyoacha kupita kibandani kwa Maftah. Gundi ilinuka, chai ilikuwa ya rangi, maneno hayakwisha.

"Ukirudi Dar utanisahau."

"Nitakusahau vipi, na kiatu chako nimekiona?"

Akamwachia karatasi zake, akaenda kijijini Ringwani kuwaaga wazazi. Kabla ya kurudi alipita posta ya Mugumu, akapiga simu kwenye duka la jirani yake Maftah.

"Haloo! Jumaa hapa!"

"Niitie Maftah, mzee wangu."

"Maftah? Yuko ndani na Arafa tangu asubuhi. Wanashona. Wamesema wasisumbuliwe!"

"Arafa ni nani?"

Simu ikakatika.

Wegesa akapanda lori la pamba, vumbi mpaka kwenye kope, na moyo ukimchoma njia nzima. Alipofika hakubisha hodi.

"Nipe karatasi zangu! Huyo Arafa wako akushonee shuka za harusi!"

Pazia likafunguka. Akatoka bibi mwenye miwani, sindano mkononi.

"Arafa ni mimi, mwanangu."

Wegesa akataka ardhi immeze. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto wa kaka yangu kajikata vidole kwa kisu. Hakulilia kidonda, alilia kwamba utachelewa. Ndipo nikashika sindano." Akamtazama Wegesa, akatabasamu. "Ngoja nikabandike chai."

Maftah akatokea, mkono umefungwa kitambaa, akamkabidhi Wegesa tasnifu yake, jalada jekundu, jina la mwandishi kwa herufi za dhahabu.

"Wegesa mpenzi, ulikuwa unanionea wivu?"

"Nani? Mimi nilifuata karatasi zangu."

"Basi chukua, uende. Ila ukirudi na shahada yako, nikuoe."

Wegesa akalipapasa jalada. Baba yake, Mzee Mogesi, alikuwa Mkristo wa kiti cha mbele kanisani, tena mkali, na Maftah alikuwa Mwislamu.

"Mzee Mogesi atakufukuza."

"Nitarudi."

"Atakufukuza tena."

"Nitarudi tena, mpaka mbwa wake wanizoee."

Wegesa akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Basi nenda. Anza na shikamoo. Habari za ng'ombe wa mahari ataanza yeye mwenyewe."