Ncha Mbili za Kijiti Cheusi

"Ngiri, umempata?"

"Yuko Kinondo. Naingia."

Chirau, ambaye hewani aliitwa Ngiri, aliiweka simu ya upepo kwenye kiti cha Land Rover yake, akachomoa bastola yake ya Browning, akaupiga mlango wa nyumba teke.

Mwalimu Kibwana alikuwa mkekani, amevaa kanzu ya Ijumaa. Pembeni yake redio ya Philips. Waya wake ulipita dirishani ukapanda mnazini.

"Chirau? Mwanangu, ndiyo hodi gani hii?"

Mzee huyu ndiye aliyemfundisha alifu na be. Chirau alimtia pingu, akamtoa nje mbele ya majirani, akaitwaa na ile redio.

"Mwacheni akaswalishe!" Bi Mwanarusi, mkewe, alilia. "Leo Ijumaa!"

Land Rover ikaondoka.

Ulikuwa mwaka wa sitini na tano, bendera mpya bado haijapauka. Mahali fulani pwani, mtambo ulikuwa ukirusha mlio kwa mawimbi marefu, kuiongoza boti ya magendo ya bunduki ipite mlango wa mwamba. Idara ya usalama ilimpa Chirau kipokezi chenye kijiti cheusi cha feraiti inayonasa mawimbi, kimezungushiwa waya wa shaba. Ukikigeuza, mlio hupanda na kushuka. Ncha yake ikiuelekea mtambo, mlio hufa kabisa.

Asubuhi ile, pale Galu, katikati ya Kinondo na Diani, ulikufa ncha ikitazama Kinondo. Na Kinondo, nani mwingine alikuwa na waya mnazini?

Njiani, Chirau alivaa visikilizio vya kipokezi.

*Ti. Ti. Taa.*

Mtambo ulikuwa bado unarusha mlio. Redio ya mzee ilikuwa miguuni pake, imezimwa.

"Mwalimu, ule waya wa nini?"

"Wa kuivuta Kairo, mwanangu. Nasikiliza Kurani."

Chirau alikitazama kijiti. Kilikuwa na ncha mbili.

Moja ilitazama Kinondo. Nyingine, muda wote ule, ilitazama Diani. Jambo hilo alifundishwa siku ya kwanza: kijiti hukupa mstari tu, hakikwambii upande. Upande aliuchagua mwenyewe.

Alisimamisha gari, akafungua pingu. Uso ulimwaka kama aliyepigwa kofi.

"Mwalimu, mimi..."

"Nenda kazini," mzee alisema, akisugua vifundo vya mikono. "Nitarudi kwa miguu."

Chirau alipita Galu mbio hadi Ukunda. Akakigeuza kijiti tena. Mlio ulikufa ncha ikitazama baharini. Akauchora mstari wa pili kwenye ramani.

Mistari miwili ilikatana kwenye nyumba moja ya Diani. Nyumba ya Bwana Voss, mgeni aliyejiita mtafiti wa matumbawe.

Aliingia kwa mlango wa jikoni. Voss aliruka kuelekea droo ya meza. Chirau aliifunga kwa goti, vidole vya Voss vikiwa ndani.

Yowe. Bastola ikamponyoka.

"Niuzime mtambo, afande?" aliuliza Konstebo Mwero, aliyemchukua kituoni Ukunda.

"Usiuguse. Uache uwaite."

Adhuhuri, watu wakiwa msikitini na ufuo mtupu, boti iliufuata mlio ule hadi mchangani. Polisi walikuwa wamelala wakivizia chini ya mivinje. Haikulia risasi hata moja. Masanduku ya bunduki yalishushwa na walewale walioyaleta.

"Hongera, Ngiri!" mkubwa wake alisema kwenye simu ya upepo. "Rudi Mombasa."

"Kuna mzee nimemvunjia heshima."

"Atasamehe. Idara haiombi radhi hadharani. Umenisikia?"

Chirau aliizima simu ya upepo.

Alimkuta Mwalimu Kibwana nje ya msikiti, kabla ya alasiri. Ijumaa ile alikuwa ameswalisha mtu mwingine.

"Shikamoo, mwalimu. Nisamehe."

"Marahaba. Nilikwishakusamehe garini. Lakini walioniona nimefungwa pingu, mimi nitawaambia nini?"

Chirau alingoja swala iishe. Watu walipotoka, alisimama mbele yao.

"Mwalimu Kibwana hana kosa. Nilimfunga kwa kuwa sikujisumbua kutazama upande wa pili. Kosa ni langu."

Bi Mwanarusi alimtazama juu hadi chini, akageuka.

Chirau alivaa miwani ya jua, akaenda garini taratibu, mkono mfukoni. Waliobaki waliona mtu anayejiendea zake, hana habari.

Miwani ilikuwa imemfaa. Machozi yalimfika kidevuni alipokwisha kuipita Galu.