Mamba Asiyekuwamo Kitabuni

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare na kupiga deki, Nthambi alikwenda kwenye chama cha vitabu katika ukumbi wa mtaa wa Fedha. Siku hiyo alijipaka mafuta mpaka magoti yakang'aa, kwa maana Mwalimu Amondi angemchagua mwanachama mmoja wa kuizungumzia riwaya yao mbele ya wazazi. Nthambi aliitaka nafasi hiyo kufa na kupona. Kasoro ilikuwa moja tu, tena ndogo: hakuwa ameisoma. Kakake Kyule, aliyekuja likizo kutoka shule ya bweni, alikuwa amemsimulia yote kwa uso wa mchungaji mazishini.

Riwaya yenyewe ilikuwa ya zamani, iliyosomwa hata na mama zao. Ilimhusu Tabu, mke aliyefukuzwa na mama mkwe, nayo nusura ivunje chama.

"Mama mkwe alikuwa na haki," alisema Ochola. "Tabu alikuwa mvivu!"

"Mvivu wewe!" Habon aliruka. "Kuteka maji mara saba kwa siku ni uvivu? Wewe hata kikombe chako hukioshi!"

Mwalimu Amondi alicheka. "Nthambi, mbona kimya?"

Nthambi alisimama, akapangusa jicho lililokuwa kavu kabisa. "Mimi nililia, Mwalimu. Mamba alipommeza Tabu, ukabaki mkono mmoja wenye bangili, nilishindwa kula."

Habon alibaki kinywa wazi. Ochola alifunua kurasa mbiombio.

"Mamba gani?" akauliza. "Tabu anafungua hoteli sokoni, mama mkwe anakuja kumwomba kazi!"

Nthambi angeweza kusema kwamba nakala yake ilikuwa tofauti. Uongo huo ulikuwa umeshafika ulimini. Akaumeza.

"Sikusoma hata ukurasa mmoja, Mwalimu. Nilisimuliwa na Kyule. Nisameheni."

Nafasi ilimwendea Habon. Nthambi alikwenda nyumbani na kitabu, akakisoma wiki nzima. Jumamosi iliyofuata aliingia ukumbini akihema.

"Yaani Tabu anampa mama mkwe kazi? Baada ya mateso yote yale? Mimi ningemfungia mlango!"

"Na watoto wa huyo mama wangekula nini?" Habon akamjia juu.

Mwalimu Amondi aliwaacha wabishane, kisha akamgeukia Nthambi. "Sasa una neno, na ni lako mwenyewe. Bishaneni mpaka mchoke. Lakini anayesifu kitabu asichokisoma anawadanganya wenzake, na hata hajui anawadanganya nini."