Maji ya Kijani ya Mjomba

Kila alipotoka shule, kabla hata ya kuvua viatu, Chapuchapu alipitia chumbani kwa mjomba wake. Jina hilo alipewa na mama yake, na wala hakuonewa. Alifagia kama anayefukuza kuku, na hesabu alizimaliza mwalimu akiwa bado anaziandika ubaoni. Nusu ya majibu yalikuwa makosa, lakini kumaliza alimaliza.

Mjomba alikuwa mchoraji wa mabango. Mwezi uliopita aliteleza kwenye ngazi akiandika jina la duka la viatu, akavunjika mguu, na miwani yake ikasagika chini yake. Tangu hapo alishinda kitandani na plasta hadi gotini, akisubiri miwani mpya, na vitu vidogo vyote kwake vilikuwa ukungu mtupu. Faraja yake ilikuwa tangi la kioo kando ya dirisha, lenye samaki wawili wa rangi ya chungwa aliowalea miaka mitatu. Wiki hiyo jike alitaga kwa mara ya kwanza, na siku ya pili akafa. Mjomba alilia, tena bila kujificha. Akamwagiza Chapuchapu amhamishie dume kwenye karai kubwa asije akayala mayai.

"Yamebaki mayai tu," alisema. "Basi haya hayapotei, mpwa wangu. Nasema hayapotei!"

Kazi ilikuwa kwenye chakula. Kifaranga wa samaki akianguliwa huwa na kiini tumboni, na kiini hicho humtosha siku tatu. Kikiisha, anataka chakula kilicho hai na kidogo kuliko punje ya vumbi. Unga wanaolishwa samaki wakubwa haugusi, unaozea majini tu. Kwa hiyo mjomba alikuwa akilea vijidudu dirishani, ndani ya chupa pana yenye maji na majani machache yaliyolowekwa, ikipigwa na jua mpaka maji yakawa ya kijani. Ukiiinua kwenye mwanga, uliona vidoa vyeupe vikicheza ndani.

"Kila siku ongeza kikombe kimoja," alimwelekeza. "Lakini kikombe cha maji ya ndoo ile, yaliyokaa wazi siku mbili. Maji ya bomba yana dawa. Sisi inatulinda, vijidudu inaviua."

Siku tatu Chapuchapu alifanya hivyo. Siku ya nne aliikuta ndoo tupu, kwa sababu asubuhi yake alikuwa amefua soksi kwa maji hayohayo. Nje wenzake walishaanza kuruka kamba na walikuwa wakimwita. Akatazama mlango, akatazama bomba. Aa, kikombe tu! Akajaza vikombe vitatu kutoka bombani, ili na kesho asisumbuke, akamimina akatoka mbio.

Kesho yake maji yalikuwa meupe pe, na chini kulikuwa na tope jepesi. Aliinua chupa kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku. Hakuna kilichocheza.

"Vipi, vijidudu vinacheza?" mjomba aliuliza kutoka kitandani.

Chapuchapu aliishusha chupa upesi. "Vinacheza, mjomba."

Akaenda jikoni, akaponda majani ya mchicha, akayachuja kwa leso na kumimina maji yake chupani. Lo! Yakawa ya kijani kuliko ya mwanzo. Mjomba aliyatazama kwa macho yake ya ukungu, akatabasamu. "Mikono yako ina baraka, we mtoto."

Jioni hiyo mayai yakaanguliwa. Vifaranga vilikuwa vijiti vyembamba kama kope, vimejibandika kwenye kioo, zaidi ya mia. Siku tatu zikapita, vikaanza kuogelea na kutafuta chakula. Mjomba akamwambia achukue bomba la sindano lisilo na sindano, anyonye maji ya kijani na kuyatonesha tangini mara tatu kwa siku. Akatonesha. Matone yalienea kama wingu, na vifaranga vikaingia ndani yake vikifungua vidomo. Havikupata kitu.

Chapuchapu alitaka kusema. Haki, alitaka! Alifika kitandani, akafungua mdomo, akauliza kama mjomba anataka chai.

Siku iliyofuata alichota maji mtaroni kwa siri, lakini humo mlikuwa na viluwiluwi vya mbu vikubwa kuliko vifaranga vyenyewe, akayamwaga. Mchana aliokota vifaranga sita vilivyokufa. Jioni vilikuwa ishirini, na maji ya tangi yalianza kunuka mchicha uliooza. Vilivyobaki vilining'inia juu karibu na hewa, vichwa vikubwa na matumbo yaliyobonyea. Usiku aliacha chakula nusu sahani. Aliwaza, mimi nakula na wale hawali, na ni mimi niliyewanyima.

Asubuhi ya Jumamosi mjomba aliposikia idadi ya waliokufa aliinamisha kichwa.

"Labda nawalisha kidogo. Ongeza, mpwa wangu. Mara tano kwa siku."

Mara tano! Chapuchapu alishika bomba la sindano, akaliweka tena chini.

"Au basi, acha," mjomba akasema, na sauti yake ilikuwa imekwisha. "Mimi ndiye mwenye nuksi. Ngazi imenishinda, jike amenifia, hata vifaranga siwezi kuvilisha. Mwambie mama yako atafute mtu wa kuchukua tangi. Sitaki kuliona tena."

Hapo Chapuchapu hakuweza kujizuia tena. Akalia kwa sauti mpaka mama yake, aliyekuwa akishona chumba cha pili, akasimamisha cherehani na kuja na futi shingoni.

"Si wewe, mjomba! Ni mimi! Chupani mna mchicha. Niliweka maji ya bomba, vijidudu vikafa vyote, nikatia mchicha ili usijue. Havijala hata siku moja!"

Mjomba alimkodolea macho. "Mchicha?"

"Ndiyo."

"Na kila siku nakuuliza, unanijibu vinacheza!" Akapiga godoro kwa ngumi. "Ebo! Nimekaa hapa najilaumu, kumbe we mtoto unanichezea!" Mama alitaka kusema neno, mjomba akamzuia kwa mkono. Akavuta pumzi mara mbili. "Utalia baadaye. Vingapi vinaogelea bado?"

"Sijui. Kama hamsini."

"Usinipe kama. Hesabu."

Alihesabu akifuata kwa kidole juu ya kioo, akarudia kwa kuwa vilipishana. "Arobaini na saba."

"Vina nusu siku, si zaidi. Chukua ndoo, nenda kwa mwenye kitalu cha miche. Ana mapipa ya maji yaliyokaa juani. Muulize pipa lipi halijatiwa mbolea wala dawa. Uliza kwanza, ndipo uchote."

Mwenye kitalu alikuwa akipanga miche. Chapuchapu alipumua kwa haraka mbele ya pipa la karibu, lenye maji ya kijani kibichi yanayovutia, na mkono ulitaka kujiendea wenyewe. Akauzuia, akamweleza habari za vifaranga na kuuliza kama maji hayo yana dawa.

"Hilo?" mwenye kitalu aliruka. "Jana tu nimetia dawa ya wadudu! Ukitia hayo, unazika wote leo leo. Chota la kule pembeni, halijaguswa tangu mvua."

Nyumbani mama alitoa kitambaa chepesi, wakachuja viluwiluwi na takataka. Chapuchapu aliinua glasi dirishani.

"Naona vidoa vinatembea," alisema. "Lakini mama naye aangalie. Mimi nisiaminiwe peke yangu."

Mama akainamia glasi. "Ee, vinatembea. Jamani, vingi!"

Wakapunguza maji machafu ya tangi kikombe kwa kikombe, wakarudishia maji safi ya ndoo nyingine ya mama, yaliyokaa wazi tangu juzi, ndipo wakatonesha ya kijani. Kisha wakangoja. Kwa muda hakuna kilichotokea. Halafu kifaranga kimoja kikajikunja, kikaruka mbele na kudaka. Kingine kikadaka. Chapuchapu alifunika mdomo kwa viganja akilia upya.

Jumapili asubuhi alihesabu vifaranga thelathini na tisa, matumbo yao yamevimba vizuri. Mjomba alimwambia atoe kwa mkono wake mwenyewe vile vinane vilivyokufa usiku. Alivitoa kimoja kimoja na kuviweka kwenye sahani.

"Njoo ukae," mjomba akasema. "Kutia maji ya bomba ni kosa, na kila mtu hukosea. Ungeniambia siku ileile, ningegomba, ningekutuma kwa mwenye kitalu, na jioni ingekuwa imekwisha. Mayai yalikuwa hayajaanguliwa hata moja. Umenielewa? Vijidudu viliuawa na maji ya bomba. Vifaranga viliuawa na uongo. Ukikosea, sema wakati bado kuna la kufanya."

Chapuchapu alitazama sahani, akaitikia kwa kichwa. Alijaza ndoo maji, akaiweka wazi juani, na alipotoka nje akawaambia wenzake wa kamba waanze bila yeye, maana bado hajalisha vifaranga.