Hapa Hakuna Mama

Anti Mdogo alitumwa apeleke mashuka chumba cha wasichana kabla giza halijaingia. Kazi ya kila siku. Mashuka yalikuwa yametoka kuanuliwa, bado yana joto la jua, naye aliyakumbatia kifuani huku ameyabana kwa kidevu yasimwanguke.

"Kiberiti naye mpe lake," Anti Mkubwa alimwambia mlangoni. "Ila habari ya simu usimwambie. Nitamwambia mimi kesho, jua likiwa juu."

"Sawa, Anti."

"Na huo uso wako uufunge. Wewe hata mtoto mchanga anakusoma."

Nyumba ile ilikuwa ya vijana walioshindikana makwao. Wanaopiga, wanaovunja, wanaojikata, wanaotoroka. Kiberiti alipewa jina hilo kwa sababu aliwaka upesi, na kwa sababu ya mapazia ya baba yake wa kambo, ambayo aliyachoma yote. Lakini alikuwa ametulia kwa muda mrefu sasa. Aliambiwa akitulia mama yake atamfuata, basi akameza kila tusi na kila kofi la wenzake. Siku ya kufuatwa ilikuwa kesho. Mchana ule mama akapiga simu. Haji. Mumewe amesema mtoto yule asikanyage kwake.

Sheria za nyumba zilikuwa nyingi. Visu vinafungiwa. Milango ya vyoo haina komeo. Mtoto akilipuka anashikwa na watu watatu: mmoja miguu, mmoja mikono, mmoja anapakata kichwa ili asijigonge. Zote hizo Anti Mdogo alizielewa. Moja tu ilimkaa kooni.

Jua likianza kuzama, mtu yeyote asitamke neno mama.

"Hapa hakuna mama," Anti Mkubwa alimwambia siku aliyoanza kazi. "Sisi wote ni Anti. Mtoto akilitaja neno hilo jioni, mzibe mdomo. Sitanii."

Vijana walishalizoea katazo hilo, wakalifanyia mzaha. Msichana mmoja waliyemwita Redio, maana hakujua kunyamaza, alikuwa akisema, "Mimi nikijigonga kidole jioni, namwita shangazi." Lakini Anti Mdogo hakucheka. Alikuwa na mtoto anayenyonya, amemwacha kwa dada yake, na kila jioni maziwa yalimjaa mpaka yakalowesha blauzi. Aliona mwanamke anayewakataza watoto waliotupwa kumtaja mama, huyo kifuani ana jiwe.

Alimkuta Kiberiti ameketi kitandani, mfuko wake wa nguo mapajani.

"Anti, shuka la nini? Kesho silali hapa."

"Nipe mimi, nijifunike mawili," Redio alidakia. "Na wewe ukifika kwenu mapazia uyaache."

"Tumeshasameheana na mapazia."

Wakacheka wote wawili. Anti Mdogo naye alijaribu kucheka.

"Atakuja asubuhi au mchana, Anti?"

Anti Mdogo alikunjua shuka lililokunjwa, akaanza kulikunja upya.

"Anti."

Aliinamisha uso, na hapo ndipo alipokosea.

"Haji," Kiberiti alisema. Hakuwa anauliza.

Aliuweka mfuko sakafuni, taratibu, kama una mayai. Kisha akageuka akapiga kichwa ukutani.

Akapiga tena.

Redio akatoka mbio kumwita Anti Mkubwa. Mlinzi alikuwa getini, mbali. Walezi wakabaki wawili. Wakamlaza Kiberiti kwenye godoro chini, Anti Mkubwa akikalia miguu, Anti Mdogo amebana mikono. Hakuna aliyekuwa na mkono wa kuwasha taa. Chumba kilikuwa kimeingia rangi ya majivu.

Kiberiti hakulia. Alikuwa amebana meno, macho kayakodoa darini, mishipa ya shingo imetutumka. Kichwa kilikuwa kimetoka nje ya godoro. Kikawa kinagonga sakafu. Du... du... du...

"Ataumia, Anti."

"Shika mikono. Usiseme naye."

Du... du...

Anti Mdogo alishindwa. Aliinama mpaka sikioni mwa yule binti.

"Usikae nacho kifuani," alinong'ona. "Lia, mwanangu. Mwite mama yako."

Anti Mkubwa aligeuka kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. "Umemwambia nini?"

Lakini Kiberiti alikuwa ameshafungua mdomo.

"Mama..."

"Mzibe."

"Mama... njoo, mama..."

Anti Mdogo hakumziba. Aliona machozi yanamtoka yule binti, akajua amefanya jambo jema.

Kichwa kikaacha kugonga.

Kuna mtu alikuwa amekaa nyuma yao. Amekipakata kichwa cha Kiberiti mapajani. Anti Mdogo akashusha pumzi, akidhani mlinzi amefika. Kisha akasikia harufu ya maziwa yaliyochacha. Akajitazama kifua, akidhani ni yeye.

Blauzi yake ilikuwa kavu.

Akaiona mikono. Ilikuwa ya mwanamke, imelowa na kukunjamana kama ya mtu aliyefua kutwa nzima. Ilikuwa inapapasa paji la uso la Kiberiti, polepole, kwa mapenzi. Kila mkono, kidole gumba kilikuwa upande wa nje, mahali pa kidole cha mwisho.

"Bee, mwanangu," sauti ilisema. "Nimekuja."

Anti Mkubwa alikuwa amefumba macho, uso ameupeleka ukutani.

"Usimtazame," alinong'ona. "Shika tu. Ukimwachia, anaondoka naye mzima."

Anti Mdogo alishika. Alishika huku ameng'ang'aniza macho kwenye vifundo vya mikono ya yule binti, huku matone ya maji yakimdondokea shingoni kutoka juu... moja... jingine... Hakuinua kichwa. Akamsikia Kiberiti anahema, pumzi ndefu, kama ya mtoto aliyeshiba titi. Baadaye harufu ikapungua. Baadaye ikaisha.

Wakamwacha amelala, anatabasamu.

Ukumbini, chini ya taa, Anti Mkubwa aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Nimemkuta hapa," alisema. "Aliyenitangulia naye alimkuta. Wapo wanaosema alimleta bintiye akaahidi kurudi, na aliporudi akaambiwa ameshazikwa. Wapo wanaosema hakuwahi kuzaa, na hicho ndicho kinachomsumbua. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba akiitwa anakuja. Na mtoto akishaitikiwa na yule, hana mwingine tena."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeamini? Ungekwenda kunicheka na dada yako. Nilikuambia umzibe mdomo. Ilitosha."

Anti Mdogo alianza kulia.

"Lia kimyakimya," Anti Mkubwa alimwambia. "Umeshawahurumia vya kutosha kwa leo."

Kesho yake Kiberiti alikuwa mtoto ambaye kila mlezi angemwomba. Alitandika kitanda, akasalimia wakubwa, akaokota hata takataka za wenzake. Redio alihamisha godoro lake chumba cha pili bila kuagizwa, na kutwa nzima hakutoa neno. Alipoulizwa ana nini, alisema tu kwamba Kiberiti anaongea na mtu, na anaachia nafasi ya majibu.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama, mlinzi akafungua geti. Akaingia mwanamke mwenye vumbi mpaka magotini, furushi kichwani, jicho moja limevimba na kufumba.

"Nimemfuata mwanangu," alimwambia Anti Mdogo. "Yule mwanaume nimemwachia nyumba yake. Nilimjibu, mtoto kwanza. Akanipiga, nikaondoka. Nguo zangu hizi hapa, tutakwenda kwa kaka yangu. Yuko wapi, dada?"

Kiberiti alikuwa ameketi kwenye benchi, nje ya chumba cha kufulia. Mama yake aliangusha furushi akamkimbilia, akamkumbatia, akambusu kichwa chote. Binti aliacha akumbatiwe, mikono yake imetulia magotini.

"Shikamoo," alisema alipoachiwa. "Umemfuata nani?"

"Ni mimi. Mama yako."

"Mama yangu yuko ndani, anafua."

Ndani ya chumba cha kufulia maji yalikuwa yanamwagika. Taa ilikuwa imezimwa. Walezi wote wawili walikuwa nje.

Mwanamke alicheka kidogo, kama mtu aliyetaniwa vibaya. Akamtazama Anti Mdogo, akaona uso wake. Akamrudia binti, akamshika mashavu. "Nitazame vizuri. Nimekuzaa mimi. Miezi tisa, mimi hapa."

"Pole," Kiberiti alimwambia kwa adabu. "Labda wako yuko chumba kingine."

"Dada, tutoke," Anti Mdogo alimvuta mkono. Mwanga ulikuwa umebaki juu ya ukuta tu, mwembamba kama uzi. "Tutoke nje ya geti. Tutazungumza huko, nakuomba."

Hakutoka. Alikaa chini palepale, mikono kichwani. Mwanga ukaondoka ukutani. Mwanamke akavuta pumzi na kufungua mdomo kama anavyofungua kila mtu aliyechomwa moyo, mtoto kwa mzee, na Anti Mdogo akajua ni neno gani linalokuja, kwa sababu hakuna jingine ambalo mtu hulia nalo.

Alimrukia. Akambana mdomo kwa kiganja, akamlaza chini, akamkalia kifua. Yule mwanamke akamng'ata. Akazidi kubana. Alihisi midomo inaendelea kuliumba lile neno chini ya vidole vyake, na damu, na ule mvuke wa pumzi. Kama lilimponyoka au la, hakujua.

"Nyamaza, dada yangu," alimnong'oneza huku machozi yakimdondokea yule mama usoni. "Nisamehe. Nyamaza."

Kwenye chumba cha kufulia maji yakaacha kumwagika.

Kiberiti aliinua uso, akasikiliza. Kisha akasogea mwisho wa benchi, akafuta vumbi kwa kiganja, akaacha nafasi ya mtu wa pili.