Vipanga Walioshonwa Macho

Maiti ilikutwa chini ya jabali, uso umeelekea mtoni. Alikuwa Meder, askari wa wanyamapori wa Naryn, huko Kirgizia. Daktari alisema ameanguka. Inspekta Saikal aliviangalia viganja vya marehemu, vimechubuliwa na kamba, kisha akaitafuta kamba yenyewe hadi adhuhuri asiione.

"Kamba haina miguu," alisema. "Kuna mtu kaichukua."

Alimfahamu Meder tangu utotoni. Lakini kazi ni kazi.

Kesho yake simu ililia kutoka ng'ambo ya mpaka. Alikuwa Inspekta Yerbol wa polisi ya Kazakhstan. Walisoma pamoja kozi ya upelelezi.

"Dada Saikal! Bado mnakunywa yale maji mnayoyaita maziwa ya farasi?"

"Afadhali sisi tuna farasi. Sema haraka, Yerbol, nina msiba huku."

Yerbol aliacha utani. Alikuwa amekamata watu wawili mpakani na vipanga saba hai, wanapelekwa nchi za Ghuba kwa magendo, wakauzwe kwa wawindaji. Sanduku lilifungwa kwa kamba yenye damu na muhuri wa askari wa wanyamapori wa Kirgizia.

"Nani aliwapa ndege?"

"Mabubu hao. Kesho mchana wanapata dhamana, na wakitoka, ndiyo basi tena. Nipatie jina la mtu wa upande wako niwabane nalo."

"Na kibali?"

"Maombi yameshapitia ofisi za Interpol, kwetu na kwenu. Picha hizo nakutumia."

Vipanga walikuwa wameshonwa kope ili watulie njiani. Uzi mwekundu, mishono midogo ya mshazari, kila wa tatu ukirudi nyuma. Bonde zima lilikuwa na mtu mmoja wa kumuuliza habari za mishono: Mama Burul, mshonaji wa mabusati, mama mzazi wa Meder. Saikal aliona haya kwenda, lakini kesho haikuwa mbali.

Nje ya hema la msiba wanaume waliegemea fimbo zao wakiomboleza kwa sauti, kama desturi. Tilek, mdogo wake Meder, aliwashinda wote kwa kilio. Ndani, maiti ililala nyuma ya pazia, Mama Burul kando yake. Saikal aliikuza picha hadi ukabaki uzi mtupu.

"Mama, unisamehe. Huu mshono wa nani?"

Bibi aliisogeza simu machoni, uso ukamchangamka kidogo.

"Wangu huu! Wa pindo la busati. Sikujaliwa binti, nikamfundisha Tilek. Meder vidole vyake vizito, hata sindano haishiki." Akasita. "Kwani mwanangu ameshona nini?"

Kilio cha Tilek kiliingia kutoka nje. Mama Burul alikisikiliza, akamtazama Inspekta, akamrudishia simu.

Ndani ya gari la polisi Tilek hakubisha sana.

"Waliniahidi kunichukua Ghuba, nikawatunzie vipanga. Nimechoka kuitwa mdogo wake Meder. Akanikuta jabalini na mtego umenasa wa nane."

"Akakupiga?"

"Hata. Alisema ashuke amfungue yule ndege, kisha tuje kwako wote wawili, nikiri mwenyewe."

"Nani alishika kamba?"

Tilek alilitazama hema kupitia kioo.

"Nani, Tilek?"

"Mimi. Alinipa mwenyewe. 'Shika vizuri, mdogo wangu.'"

"Ikakuponyoka?"

Tilek alitikisa kichwa. "Niliiachia. Niliogopa jela. Kisha nikashuka kwa njia ya mbuzi, nikaitoa mikononi mwake, nikafungia sanduku."

Aliomba asiambiwe mama. "Nimebaki peke yangu kwake, dada."

"Yeye ndiye aliyeniambia."

Saikal alimtajia Yerbol jina. Baada ya saa moja jibu lilirudi: wale wawili wamefungua midomo. Hakufurahi hata chembe.

Jeneza lilitolewa. Wanawake hawaendi makaburini, kwa hiyo Mama Burul alibaki mlangoni pa hema. Wanaume walimpeleka Meder upande wa mlimani, gari likampeleka Tilek upande wa mjini, na yule mama akawa anageuza shingo huku na huku, asijue amlilie nani kwanza.