Sahani ya Pili Haina Chumvi

— Usikalie hicho!

Fundi Mizani na mama mkwe wake walisema kwa pamoja, kama walioambiana. Mgeni alikuwa ameshavuta kiti na kupinda magoti. Akabaki hivyohivyo, nusu amekaa nusu amesimama, mkoba wa makopo begani.

— Samahani. Kina msumari?

— Kina mwenyewe, akajibu mama mkwe.

Mgeni akaitazama meza ya chakula cha jioni. Kulikuwa na sahani ya fundi, sahani ya mama, na nyingine mbele ya kile kiti kitupu: wali, maharage, mboga ya majani, vimepakuliwa vizuri, mvuke bado unapanda. Pembeni yake glasi ya maji, imejaa hadi ukingoni, imefunikwa na kisosi. Mgongoni mwa kiti imetundikwa sweta ya kike ya rangi ya ugoro, kiwiko kimoja kimetiwa kiraka kwa uzi usiofanana.

Akadhani yupo mtu chumbani anayekuja kula. Akachukua stuli, akaketi karibu na mlango, akaeleza kilichomleta. Alikuwa mtu wa utafiti wa lishe. Walitaka kujua chakula cha watu wa kawaida kina nini ndani yake, chumvi, mafuta, sukari, hata maji, na mwili unabakiza nini.

— Kazi yako ni ndogo tu, fundi. Kila unachokula hapa, pakua kingine kilekile, kiasi kilekile, uniwekee. Sisi tunakwenda kukisaga na kukipima. Na mkojo wako wa siku nzima kwenye dumu hili.

— Sahani ya pili?

— Ndiyo. Pacha wa sahani yako.

Nyumba nyingine zilikuwa zimemfukuza kwa maneno hayohayo. Yaani nipike chakula kizuri, nikupe ukakisage? Lakini huyu mwanamume aligeuka akakitazama kile kiti, uso ukamlegea kama mtu aliyetuliwa mzigo.

— Hiyo ipo, alisema.

Mama mkwe akacheka kicheko kikavu, akainuka kwenda kuosha mikono.

*

Basi akawa anakuja mchana, siku za kazi. Wakimaliza kula, Fundi Mizani anaisogeza ile sahani ya kiti kitupu, polepole, kwa mikono miwili. Yeye anaipima, anaikwangua yote ndani ya kopo, anabandika tarehe. Hata punje za maharage zilizodondoka alizifuata mezani kwa ncha ya kijiko.

— Na hizo nazo? akauliza mama mkwe.

— Na hizi, mama. Zote ni chakula.

— Makubwa! Basi wewe si mtu wa lishe, wewe ni Dada Gramu.

Jina likashika. Alishaambiwa kuwa mke wa fundi alifariki, na kwamba kiti kilikuwa chake. Hakuuliza zaidi. Alijiambia kuwa sahani inawekwa pale kwa sababu ndipo penye nafasi.

Sebule ilikuwa ndiyo karakana. Mizani za wenye maduka zilijaa rafuni, nyingine bila vichwa, na mawe ya kupimia yamepangwa kwa ukubwa. Siku moja fundi aliiwekea mizani ya Dada Gramu jiwe dogo, akaguna.

— Mizani yako inaongopa.

— Sana?

— Kidogo. Lakini uongo wa mizani hata ukiwa kidogo ni uongo.

Akaifungua, akaipuliza vumbi, akamrudishia. Vidole vikagusana, na hakuna aliyeharakisha kuviondoa. Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele, akasema bila kuinua macho:

— Wenzenu wakitongozana wanapelekeana maua. Huyu anatoka kwetu amekumbatia dumu la mkojo.

Dada Gramu alicheka mpaka kidogo alimwage. Tangu hapo simu zikaanza kulia.

"Fundi, maji umekunywa kiasi gani leo?"

"Kidogo. Usipokuwepo hayana ladha."

"Hilo siliandiki kwenye utafiti."

"Liandike."

Lakini nyumba ile ilikuwa na jambo. Ile glasi ya maji, fundi aliijaza kila jioni, akaifunika. Asubuhi ilikuwa imepungua hadi nusu. Mchana Dada Gramu alikuwa akiikuta hivyo, na shingo inamsisimka, kama mtu anayetazamwa kwa nyuma. Siku moja aliwahi. Kabla hajabisha hodi akamsikia fundi ndani, sauti ya chini, ya kubembeleza:

— Leo maharage yameiva vizuri, mke wangu. Hayana mchanga. Kula.

Kimya. Halafu:

— Najua. Najua. Kula hivyohivyo.

Alitaka kuamini anatania na mama mkwe. Akageuza kichwa. Mama mkwe alikuwa nje, kwenye kamba, anaanika mashuka.

*

Siku moja Dada Gramu alikuwa bado njiani kwenda kwa fundi, mkuu wa utafiti akampigia simu.

— Ile nyumba ya fundi wa mizani ina matatizo.

— Matatizo gani, Daktari?

— Chakula chake hakina chumvi kabisa. Lakini mkojo wake una chumvi tele. Chumvi hiyo ameitoa wapi, hewani? Anakula kingine kwa siri, anakupa wewe sahani ya uongo.

— Yule hadanganyi, Daktari.

— Basi mkojo ndio unaodanganya? Kaulize leo. Asiponyooka, nyumba hiyo naitoa.

Ikitolewa, hana tena sababu ya kupita mtaa ule. Mjane mwanamume hatembelewi hivihivi.

Alikuta meza imeandaliwa, sahani zote tatu. Hakukaa.

— Fundi, nikuulize na usinifiche. Unakula kitu huko nje?

— Kitu gani?

— Chochote. Chakula unachonipa na mwili wako haviafikiani.

— Mimi mtu wa mizani, alisema, na sauti ilikuwa imebadilika. Watu wananiletea ukweli wao niunyooshe. Nikudanganye wewe kwa wali na maharage?

Dada Gramu akachukua kijiko. Akaonja kwenye sahani ya fundi. Akaonja kwenye ile ya pili. Akaonja tena, kwa sababu hakutaka iwe hivyo.

— Hii haina chumvi.

Dada Gramu akatazama mlango wa jikoni.

— Kuna sufuria mbili jikoni?

— Kuna kubwa na kuna kadogo, akajibu mama mkwe badala yake.

— Fundi, nilikuomba pacha wa sahani yako. Hii ni sahani ya nani?

Mwanamume akaishika ile sweta begani, kama anayemshika mtu aliyeketi.

— Figo zilimkataa. Daktari akasema asiguse chumvi, na maji apimiwe. Mimi ndiye fundi wa kupima, siyo? Nikampimia. Kifuniko cha chupa asubuhi, kifuniko jioni. Alikuwa akiniambia, baba, ulimi umekuwa mkavu kama gome, niongeze tone. Namwambia, kesho. Namwambia, kesho. Mpaka kesho yenyewe ikamkosa.

— Kwa hiyo chakula nilichokuwa nabeba siku zote...

— Ni chake.

— Na mimi nilikuwa nani hapa?

— Sikiliza. Kabla yako, kila siku nilikuwa nakimwaga. Hujui inavyouma kumwaga chakula cha mtu. Wewe ukaja, ukakikusanya hadi punje ya mwisho, ukakiandikia tarehe. Ukakiheshimu. Nikasema, yupo mtu anayempokelea mke wangu chakula chake.

Machozi yalimtoka Dada Gramu, ya uchungu na ya hasira pamoja.

— Nilidhani unaniandalia mimi. Mjinga mimi! Nakaa kwenye stuli mlangoni kama mdai, nasubiri sahani ya marehemu.

— Usiseme hivyo.

— Niambie basi. Sasa hivi unamjazia glasi hadi ukingoni. Maji umempa. Mbona chumvi bado unamnyima?

Fundi akaigusa ile glasi.

— Maji nilijuta kumnyima, alisema. Chumvi... naogopa itamdhuru.

— Imdhuru nini tena, fundi?

Rafuni, sahani ya mizani moja ilicheza peke yake, ikatulia.

— Wewe hujui, akasema fundi kwa kunong'ona. Anakuja. Itazame glasi. Kila asubuhi imepungua. Imefunikwa, maji yaliyofunikwa hayakauki hivyo. Anakunywa!

— Nakunywa mimi.

Waligeuka. Mama mkwe alikuwa ameketi palepale, mikono mapajani.

— Mama?

— Nakunywa mimi, mwanangu. Baada ya mazishi hukuwa unakula. Ulikuwa mifupa na shati. Asubuhi moja nilikuwa na kiu, sikuwaza, nikainywa ile glasi nusu. Ukaamka, ukaiona, ukatabasamu. Ukaomba uji. Nikasema, kumbe nusu glasi inamrudisha mtu mezani! Nikaendelea.

— Umenidanganya wakati wote huo?

— Ulikuwa unataka kudanganywa. Na mimi pia. Aliyekufa ni mwanangu kabla hajawa mkeo. Unadhani nikiyanywa yale maji nilikuwa nayahisi kooni kwangu? Nilikuwa nayahisi kwake.

Fundi akakaa chini sakafuni, pembeni ya kile kiti, akalia kwa sauti, kama mtu aliyepewa habari ya msiba saa ileile. Dada Gramu alichukua makopo yake, matupu, akatoka. Hakuna aliyemzuia.

*

Alimweleza mkuu wa utafiti ukweli wote. Mkuu akasema kwa upole kwamba nyumba ile haiwezi kubaki. Ikatolewa.

Siku zikapita, simu imelala kama jiwe. Dada Gramu alipima chakula cha nyumba nyingine, na kila alipobandika tarehe kwenye kopo alijiona anamzika mtu. Usingizini aliota kisosi kinafunuka juu ya glasi, na hajui ni mkono wa nani.

Ndipo ujumbe wa fundi ukaingia.

"Njoo mchana. Usibebe makopo."

Akaenda. Mlango ulikuwa wazi.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Umekonda, Dada Gramu. Anayepima vya watu hali vyake?

Mezani sahani tatu, kama kawaida. Glasi pale pale, kisosi juu yake. Lakini maji yalikuwa yamejaa hadi ukingoni.

— Niliijaza jana jioni, akasema fundi. Asubuhi nimeikuta hivyo.

— Sikuigusa, akasema mama mkwe. Nilikaa na kiu yangu.

— Hajanywa.

— Hajanywa, baba.

Walisema hivyo taratibu, kama watu wanaomaliza sala. Kiti kilikuwa hakina sweta. Mama mkwe alikuwa ameivaa yeye, imembana mabega, na kile kiraka cha kiwiko kinaonekana.

Dada Gramu akavuta stuli yake ya mlangoni.

— Siyo hiyo, akasema fundi.

— Kiti kile ni cha mwenyewe.

Fundi akamtazama mama mkwe. Mama mkwe akatazama kiti kwa muda mrefu, midomo ikimcheza.

— Mwanangu alikuwa hapendi kiti kikae kitupu mgeni akiwa amesimama, alisema. Kaa.

Akakaa. Ubao ulilia chini yake, na yeye akashtuka, na hakuna kilichotokea. Akachukua kijiko, akala. Macho yakamtoka.

— Vipi? akauliza fundi. Siku hizi kuna sufuria moja tu.

— Fundi! Umemwaga kopo zima la chumvi?

— Imezidi?

— Inawasha hadi masikioni!

— Mkono ulinitetemeka, alisema, na kwa mara ya kwanza Dada Gramu alimwona anacheka mpaka meno ya nyuma. Nilizoea kunyima. Kutoa sijajua kipimo chake.

— Basi nitakufundisha.

— Siku ngapi?

— Za kutosha.

Akakohoa, akapapasa meza akitafuta jagi. Jagi lilikuwa jikoni. Mama mkwe alikuwa ameshanyoosha mkono. Akaifunua ile glasi, akaweka kisosi pembeni, akaisukuma mbele yake taratibu, bila kumwaga hata tone.

— Mama, hii ni...

— Najua ni ya nani. Una kiu au huna?

Fundi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Dada Gramu akaiinua. Maji yalikuwa ya baridi. Akanywa nusu, akasita, akawatazama.

— Maliza, akasema mama mkwe. Yote.