Majina Kwenye Kadi ya Mwongeli

Foleni ya simu nje ya posta ya Thika ilikuwa na watu tisa, na wote walikuwa wamemchoka mwanamke aliyeshika simu. Alivaa sketi ya bluu iliyonyooshwa vizuri kwa pasi na blauzi ya maua, na alikuwa akimsomea fundi kwa sauti maneno ya hitilafu ya kompyuta aliyoyaandika kiganjani.

"Imekwama tena! Nimeianzisha mara sita. Ati nini? Haloo?"

Simu ilikatika. Nyuma yake alisimama kijana mrefu wa shati la mistari, aliyekuja mjini kutafuta vipuri.

"Madam, wacha nikuulize. Ikikwama unafanyaje?"

"Naanza upya."

"Kutoka mwanzo kabisa?"

"Sasa nianzie wapi?"

"Hapo ndipo shida iko. Zima stima, hesabu mpaka kumi, washa. Yenyewe inajua ilikwama wapi, inaparuka."

Mwongeli alimpima kwa macho, juu hadi chini. Alikuwa na ofisi ndogo ya kupiga chapa, kompyuta moja tu, na tangu ajaribu kuitoa Windows 95 na kuweka 98 hakuwa amechapisha hata barua.

"Wewe ni fundi ama ni mdomo tu?"

"Nipeleke nikuonyeshe."

Foleni nzima ilifurahi kuwaona wakiondoka.

Huyo alikuwa Gachanja, fundi wa kompyuta katika duka la Irshad kule Ruiru. Siku hiyo aliweza tu kurudisha Windows ya zamani, maana CD aliyoazima Mwongeli ilikuwa imechubuka. Aliahidi kuleta nyingine. Wakati akiitafuta, alipiga simu kila siku saa saba mchana, kwenye simu ya ofisi iliyoweza kupokea tu.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Kompyuta ama mimi?"

"Kompyuta ina daktari. Nauliza wewe."

"Mimi usiponipigia, chakula hakishuki."

"Woi! Na leo unakula nini?"

"Muthokoi, ya mahindi na maharagwe. Na sikupi."

Hakuna haja ya kuongeza maneno. Watu wazima wawili walipendana. Kufikia Novemba walikuwa wametembea kwenye maporomoko ya Chania mara mbili, na Gachanja alikuwa ameshamtajia mama yake jina la Mwongeli. Mwongeli alimpenda kwa hofu. Mwaka wa 1995 alikuwa na mchumba aitwaye Kaleli, na wiki tatu kabla ya harusi Kaleli alihama mji bila kusema neno. Tangu hapo Mwongeli aliapa kwamba mwanamume mwingine akimnyamazia hivyo, hatamngoja hata siku moja. Gachanja hakuwa amesimuliwa hayo.

CD nzuri ilipopatikana, Gachanja alimkuta Mwongeli akitayarisha kadi ya harusi ya mteja.

"Nipishe kiti, mpenzi. Hiyo kazi save hivyo hivyo, utamalizia baadaye."

Mwongeli alisave, akateremka kununua chai na mandazi.

Gachanja alinakili faili zake zote kwenye diski ndogo, asije akazipoteza. Kisha, kama fundi yeyote makini, alifungua moja kuona kama imeingia sawasawa. *Mwongeli na Kaleli wanakualika kwenye harusi yao, Jumamosi, tarehe 19 Desemba 1998.* Mwezi mmoja kutoka siku hiyo.

Kijana huyu alikuwa na akili nyingi za kompyuta. Ya kuuliza swali moja hakuwa nayo. Alizima kinga ya virusi iliyokuwa ikizuia kazi, akanakili CD yote ndani ya kompyuta, akaiwekea Windows kutoka humo. Ilikubali bila kukwama. Chai ilipofika, alikuwa anafunga mkoba.

"Imekubali. Naenda."

"Na chai?"

"Mpe mwenyewe."

Wiki nzima simu haikulia. Mwongeli alijaribu kula, akashindwa. Siku ya nane akaenda posta, akapiga Ruiru mwenyewe.

"Dada, Gachanja ametoka," Irshad alisema.

"Irshad, namsikia akikohoa."

Irshad akaguna.

"Basi mwambie printa haitoi kitu tangu aweke Windows yake."

Minong'ono ikasikika. "Anasema uweke upya ile diski ya printa. Na anasema..." Irshad akashusha sauti.

"Sema, Irshad."

"Anasema kadi zenu zitoke vizuri. Wewe na huyo Kaleli."

Mwongeli alikata simu. Kadi ile ilikuwa yake ya 1995. Kaleli alipotoroka, Mwongeli hakuifuta, kwa kuwa ilikuwa imepangwa vizuri, na kila mteja mwenye harusi alipokuja aliifungua hiyo hiyo, akabadilisha tarehe, kisha kanisa, na majina mwisho. Siku ile alikuwa amefika kwenye tarehe.

Alifunga ofisi mchana ule ule. Alivaa gauni jekundu na kupaka rangi ya mdomo, kwani hasira si sababu ya kwenda Ruiru ovyo ovyo.

Duka la Irshad lilikuwa na wateja. Mwongeli hakuwajali. Alieleza habari ya kadi kwa pumzi moja, akamalizia, "Na ni wewe uliniambia nipishe kiti kabla nifike kwa majina!"

Gachanja aliweka bisibisi chini. "Ngai! Mwongeli, nisamehe."

"Sijamaliza. Kaleli aliondoka bila neno. Na wewe ukaondoka bila neno. Tofauti yenu iko wapi?"

Irshad alijifanya anapanga balbu.

"Niliogopa kuuliza," Gachanja alisema. "Niliogopa utaniambia ni kweli."

"Kuuliza si ujinga! Nakupenda, bure kabisa wewe, na hukuuliza!"

"Naweza kuuliza sasa?"

"Uliza."

Alijipangusa mikono kwenye suruali. "Uko na mtu mwingine?"

"Sina."

"Basi, utakubali tuoane?"

Wateja waliacha kuuliza bei. Mwongeli akavuta kiti na kuketi kando yake.

"Hiyo ya pili sitaijibu nikiwa na hasira," alisema. "Endelea na kazi yako. Nangoja hapa mpaka iishe."